Baba Mkwe na Molekuli Saba

Siku ya kwanza nilipopelekwa ukweni, Kyimo, nilimkimbiza baba mkwe wangu. Sikukusudia. Nililelewa Tukuyu mjini, kwenye nyumba za nyuma ya soko, mtoto wa fundi cherehani ambaye ukoo wake ulitoka Tanga, na kwetu mke wa mwana akifika mara ya kwanza humfuata baba mkwe pale alipo, humpa shikamoo na kumbusu mkono. Basi nikamwona mzee mmoja mrefu amesimama kando ya migomba, amenipa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa wa mume wangu mtupu. Nikamwendea nimenyoosha mikono yote miwili. Alipozisikia hatua zangu na ile "shikamoo baba" yangu ya mbali, alitupa panga lake chini, akazama migombani mbio kama mtu aliyechokoza nyuki.

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi uani walicheka hadi wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka. Alinishika mabega, akanigeuza uso ukutani, akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hapana, mwanangu. Yule humwoni. Yule unamwogopa."

Mume wangu, aliyekuwa na uchumba mzima wa kunieleza jambo hilo, alisema alidhani najua.

Kumwogopa mkwe, kama wanavyosema wenyewe, si ugomvi. Ni heshima ya Wanyakyusa wa zamani: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao lazima aingie vichakani. Miaka ile nyumba nyingi zilikuwa zimeilegeza. Watu wa mjini walikuwa wameisahau kabisa, na wachungaji wengine waliiita mambo ya kale. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, anaimba besi kila Jumapili, lakini kwenye hili hakulegeza hata uzi. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kukasirika kwa sababu ya dini, maana tulifunga ndoa bomani, hivyo sikuwa na pa kwenda kulalamika. Nikajifunza.

Nilihamia ukweni kwa sababu ya ubinafsishaji. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Shirika la umma alikofanya kazi mume wangu liliuzwa, na aliyelinunua akasema wafanyakazi ni wengi mno. Mume wangu akapunguzwa, akaenda kubahatisha biashara mpakani Tunduma, leo betri za redio, kesho mafuta ya kupikia. Baba yangu naye, aliyewashonea nusu ya Tukuyu suti za harusi, aliuawa kibiashara na mitumba. Marobota yalipoanza kufunguliwa sokoni, nani atashona tena? Akafunga vyerehani vyake kwa kamba, akarudi Tanga na mama. Mimi nilikuwa nafundisha fizikia sekondari, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nikabeba mimba yangu na masanduku yangu nikaenda Kyimo.

Binti yetu alizaliwa hospitali ya misheni, Igogwe, msimu wa mvua kubwa. Babu yake alikuja kumwona siku ileile, kwa miguu, matope hadi magotini. Alisimama nje, mtoto akapelekwa kwake amefunikwa khanga mbili. Mimi nilisikia kikohozi tu dirishani, kisha sauti nzito ikimsalimu mtoto kwa Kinyakyusa kama inavyosalimiwa mtu mzima.

Kuishi na mtu usiyemwona ni kazi ya masikio. Yeye alikuwa na kikohozi chake, mimi nilikuwa na nyimbo zangu za shule. Akikohoa kona ya zizi, mimi nabaki jikoni. Nikiimba njia ya kisimani, yeye anasubiri kwenye shamba la kahawa hadi nipite. Chakula chake nilikipika mimi, mama mkwe akakipeleka. Baada ya muda ningeweza kukuambia alipo bila kuinua kichwa, na nadhani naye aliweza kusema nilipo mimi. Mtoto alipoanza kutembea alipita katikati yetu bila wasiwasi wowote, anatoka mgongoni kwangu anaenda mapajani kwa babu.

Mwanzoni nilichukia. Nilijiona nimefanywa mwizi katika nyumba ya mume wangu. Halafu nikazoea, na halafu, sijui lini, nikaanza kuiona na raha yake. Rafiki zangu mjini walikuwa na baba wakwe wanaosema supu haina chumvi. Wangu hakuwahi kunifokea, kunikosoa wala kuniuliza mshahara wangu unaishia wapi.

Mtoto wangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu nilipopata nafasi ya kusoma ng'ambo hadi shahada ya uzamivu. Wafadhili walilipia mtu mmoja. Mtoto hakuwamo. Mume wangu alikuwa akilala stoo za watu Tunduma, na wazazi wangu Tanga walikuwa wanaishi chumba kimoja. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumwacha mtoto, na mahali hapo palikuwa na mwenyewe. Mama mkwe angemlea kwa furaha, lakini neno la mwisho lilikuwa la mzee. Akisema hapana, nafasi yangu imekwenda na maji.

Mzee akauliza swali moja kupitia kwa mkewe. Anakwenda kusoma nini?

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana nilikuwa nakwenda kusoma molekuli.

Nitaeleza kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi. Ziko molekuli ambazo upande mmoja una chaji chanya kidogo na upande wa pili chaji hasi kidogo. Tuziite molekuli zenye ncha. Ukizipoza hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo, ukazinasa kwa mwanga kwenye tabaka moja jembamba, kisha ukaweka umeme wa kuzisimamisha zote wima, zinaanza kusukumana. Kila moja inataka kukaa mbali na jirani yake. Lakini mtego nao unazivuta zote kuelekea katikati, hakuna ya kutoroka. Zikiwa chache, zinajipanga. Umeme ukiwa mkali zinakaa kila moja mahali pake, imara kama fuwele ya chumvi. Umeme ukipunguzwa, sheria za kwanta, zile za chembe ndogo kabisa, zinaanza kuonekana: molekuli zinakosa kutulia, zinabadilishana nafasi, hadi mwisho huwezi kusema hii ndiyo ile ya jana. Zinakuwa kimiminiko cha ajabu kinachotiririka bila kukwaruzana na kitu. Mimi nilitakiwa kutafuta, kwa hesabu na kompyuta, ni wapi kundi dogo linatoka hali moja na kuingia nyingine.

Sasa mweleze hayo mama mkwe, naye akamweleze mzee.

Nilitafuta njia. Kwa fundi redio wa Tukuyu niliomba sumaku ya spika iliyokufa. Nikachukua sindano za baba yangu zilizobaki, nikazisugua kwenye sumaku hiyo upande mmoja, nikapenyeza kila sindano wima kwenye kipande cha gunzi la mahindi ili ielee. Nikajaza maji beseni la kuogea mtoto, nikamwita mama mkwe jikoni. Nilitumbukiza sindano tatu, nikashika ile sumaku juu ya beseni. Zikasogea katikati, zikakaribiana, zikakataa kugusana, zikasimama pembetatu. Nikaongeza ya nne, wakafanya mraba. Ya tano, wakafanya duara. Ya sita ilipoingia walihangaika kidogo, kisha mmoja akajikuta katikati na watano wamemzunguka.

Mama mkwe alipiga makofi. "Huyu wa katikati ni nani?"

"Ni wewe," nikamtania. "Umewekwa kati, wengine wanaogopana."

Na mimi, kwa kuwa somo lilikuwa linakwenda vizuri, na mwalimu akisifiwa hulewa, nikaendelea. Nilimwambia molekuli hizi ni kama mimi na mzee. Ziko ua mmoja, haziwezi kutoka, haziwezi kusogeleana, kwa hiyo kila moja inajua mahali pake. Kinachozifanya ziogopane ni umeme. Wataalamu wakiupunguza umeme, woga unaisha, wote wanachanganyika, hujui tena nani ni nani. Mimi nakwenda kusoma hapo wanapochanganyika.

"Eena," aliitikia mama mkwe, na uso wake ukapoa. "Kwenye balidi kubwa, huko."

"Kwenye baridi kubwa sana."

Alinyanyuka akaenda kwa mumewe. Nilimwaga maji nikiimba.

Mume wangu alirudi kutoka Tunduma mwisho wa wiki, akaitwa na baba yake kabla hajanywa hata chai. Alipotoka huko alinikuta napepeta mchele. Akakaa juu ya kinu, akasema, "Baba amekataa."

"Kwa nini?"

"Anasema hawezi kulea mtoto ili wewe uende Ulaya ukajifunze kuondoa heshima ya wakwe kwa umeme."

Nilicheka. Nilicheka sana, kisha nikamwona hacheki, nami nikaanza kulia, machozi yakadondokea mchele. Nilikuwa na hasira na mzee, na mume wangu, na ulimi wangu mwenyewe. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanieleza kitu ambacho kwa kweli kilikuwa na mantiki yake. Nguzo za umeme zilikuwa zimeanza kusogea kutoka barabarani kuingia vijijini. Jirani mmoja mwenye pesa za parachichi alikuwa amevuta waya, akanunua runinga. Tangu siku hiyo, jioni nyumbani kwake, baba mkwe na wake za wanawe walikaa chumba kimoja, kochi moja, macho mbele, wanatazama mieleka. Mzee alikuwa amepita pale kudai jembe lake akawaona kwa macho yake. Umeme umeingia, heshima imetoka. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Nilimtuma mama mkwe arudi akaseme sikuwa na maana hiyo. Alirudi na jibu kwamba mzee anasema ukweli husemwa mara ya kwanza, mara ya pili ni ujanja. Nikamwomba mchungaji aingilie, akaingilia, akatoka na mkungu wa ndizi na hakuna kilichobadilika. Siku za kuthibitisha nafasi yangu zilikuwa zinakwisha. Nilifundisha darasani kama mtu aliyefiwa.

Mwisho mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, kama maneno yangu yanaharibikia njiani kwake, basi yasitembee mbali. Alipanga hivi: mimi niwe jikoni, mlango umerudishwa. Mzee akae nje, nyuma ya ukuta, ameupa mgongo. Yeye mwenyewe akae kizingitini, apokee kwangu, ampe mzee, apokee kwa mzee, anipe mimi. Jiko letu lilikuwa la mianzi iliyokandikwa udongo, na udongo ulikuwa umebanduka hapa na pale, hivyo kila mmoja wetu alisikia kila kitu. Hata hivyo ilikuwa lazima kupitia kwake. Kila sentensi ikasemwa mara mbili, kama kwenye mkutano wa injili wenye mkalimani.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika. Nilisikia kigoda kikiwekwa, kikohozi, kisha sauti ile nzito, kwa Kiswahili safi kuliko cha mkewe, maana aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai na watu wa kila kabila.

"Muulize, umeme unawafanya waogopane au unawafanya waache?"

"Anauliza, umeme unawafanya waogopane au waache?"

"Mwambie, unawafanya waogopane. Ukipungua ndipo wanaacha."

Mama mkwe akarudia. "Basi mwambie hajapita kwa jirani."

Nilijiziba mdomo kwa khanga nisicheke. Mama mkwe alirudia maneno hayo kwa uso mkavu kabisa. Kisha nikaona hakuna faida ya kubishana juu ya umeme, nikasema nililokuwa nalo moyoni.

"Mwambie siendi kuondoa kitu. Mwambie nilichokiona hapa kwenu ndicho ninachokwenda kukisoma: vitu vichache vilivyo ndani ya ua mmoja, visivyoweza kutoka na visivyoweza kusogeleana, vinaishije? Wengine duniani wanakisoma hicho bila kuwahi kukiishi. Mimi nimekiishi miaka yote hii, na sijawahi kumkosea."

Mama mkwe alirudia. Nje kuku alipita, akafukuzwa.

"Muulize," mzee akasema, "hao wadogo ni wangapi?"

"Mwambie sita. Saba. Wakizidi sana, kumi na kitu."

"Saba," akasema mzee, na safari hii hakusubiri jibu langu lirudiwe. "Muulize ni miaka mingapi ya kusoma."

"Mwambie minne."

Hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niingie nyumba ile. Mzee alicheka. Alicheka kwa kifua, akakohoa, akacheka tena. "Miaka minne kwa watu saba! Mimi nimelea wanane, na ng'ombe juu." Kisha, sauti imetulia: "Mwambie mtoto atakaa. Kama ni wachache hivyo, hatakawia. Aende awahesabu vizuri, arudi."

Mama mkwe hakurudia sentensi hiyo. Alikuwa analia, na mimi ndani nilikuwa nalia, moshi tukausingizia wote wawili.

Niliondoka nikiwa na uhakika kwamba mzee amekosea hesabu kwa namna ya kuchekesha, na kwamba nitakuja kulisimulia jambo hilo kwa wenzangu huko. Nililisimulia kweli, wakacheka. Ilinichukua mwaka wa kwanza wote kuelewa kosa lenyewe lilikuwa wapi. Wachache ndio wagumu. Ukiwa na molekuli nyingi mno, mmoja akikosa utulivu haonekani. Unachukua wastani, unalala. Hali moja hugeuka nyingine ghafla, kama maji yanavyoganda, na kila mtu anakubaliana mpaka uko wapi. Zikiwa saba, kila moja ina uzito wake. Ukiondoa mmoja, mpangilio wote unakuwa mwingine. Na mpaka hauko wazi: kundi linaweza kuwa limeshika nafasi zake na huku limeanza kutiririka, yote mawili kwa wakati mmoja, na watu wazima wenye shahada wanagombana hali hiyo iitwe nini. Nilikaa mbele ya kompyuta kwenye chumba kisicho na dirisha. Majibu yalikuja, yakakataliwa, nikarudia. Miaka minne ikapita. Mitano ikapita.

Nyumbani nako palikuwa panabadilika bila mimi. Mnara wa simu ulisimamishwa, pikipiki zikajaa, wanunuzi wa parachichi wakaanza kufika hadi mashambani. Mama mkwe alinunuliwa simu na mume wangu, akajifunza kuiweka sauti ya wazi ili wote wasikie. Nilipiga kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa akianza, "Kalibu mwanangu, mtoto huyu hapa," kisha nasikia miguu ikikimbia, vicheko vya mbali, na mama mkwe akiita. Mtoto alikuwa akija mara moja moja, anasalimu kwa Kinyakyusa, "ndaga", kwa sauti ndogo, anakimbia tena. Nilijiambia ana haya. Mume wangu aliniambia ni mchezo wa watoto, atazoea. Nilijiambia pia kuwa asiyekuwepo na lake halipo, na usiku huo huo nikaamka na hesabu zangu, maana njia pekee ya kurudi ilikuwa kumaliza.

Nilimaliza. Nilipewa shahada yangu siku ya theluji, nikapanda ndege siku ya pili yake.

Mume wangu alinipokea barabarani Kyimo. Alichukua begi moja begani na jingine mkononi, tukashuka njia ya migombani. Nilikuwa nimemnunulia mtoto gauni la njano, na njia nzima nilikuwa naulizia urefu wake kwa mara ya mia. Nilipokaribia ua sikusahau adabu, nikaanza kuimba ili mzee ajue.

Mtoto alikuwa uani. Nilimtambua kwa paji la uso, la kwetu Tanga kabisa. Alikuwa mkubwa kuliko gauni. Aliposikia wimbo wangu aliinua kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akageuka akakimbia kuelekea migombani. Hakupiga kelele wala kulia. Alikimbia kama mtu anayejua wajibu wake. Na babu yake alikuwa huko, alikuwa tayari ameanza kuondoka, akakutwa na mtoto njiani, mtoto akamshika miguu kwa nguvu zake zote, akajificha nyuma ya suruali yake.

Nilifanya nilivyofundishwa. Niligeuka, nikafunika kichwa, nikatazama mgomba uliokuwa mbele yangu. Nilimsikia mume wangu akiita jina la mtoto, nikamsikia mama mkwe akitoka ndani, akasimama. Nikasubiri hatua za mzee ziende mbali.

Hazikwenda mbali. Zilikuja. Polepole, kwa sababu alikuwa na mtoto miguuni, zilikuja hadi nyuma yangu kabisa.

"Geuka, mama," akasema.

Sikugeuka. Nilidhani anamwambia mkewe.

"Wewe. Geuka." Hakumtuma mtu. "Mtoto huyu kila simu yako ilipolia aliniona nikinyanyuka nakwenda zangu. Sauti yako ikitoka mle, mimi nje. Amenifuata mimi. Alidhani hivyo ndivyo mtu anavyofanya akisikia mama yake. Sikujua. Nimelijua sasa hivi, hapa."

Niligeuka. Alikuwa mzee kuliko nilivyomwazia, mashavu yameingia ndani, na macho mekundu ya moshi yalikuwa yananitazama waziwazi. Hakuyaondoa. Niliona jinsi ilivyomgharimu. Aliinama, akambandua mtoto miguuni kidole kwa kidole, akamshika kiganja, akakiweka kiganja hicho ndani ya changu.

Mtoto alinitazama mimi vidole vya miguuni tu. Kisha akainua macho kwa babu yake, akamuuliza kitu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Kinyakyusa changu cha sokoni kilitosha kuelewa. Alikuwa anauliza kama na yeye ameruhusiwa kunitazama.